Ufuo Nilioufagia

Wageni wa nyumba ya kulala wageni ninayofanyia kazi hapa Amu wana tabia moja ambayo sijaizoea mpaka leo. Wakirudi matembezini, kabla hata hawajakung'uta mchanga miguuni, wananinyooshea simu. "Dada, hebu ona." Naona. Mchanga mweupe, maji ya kijani, mikoko kwa mbali, mbingu. Juzi kijana mmoja wa Nairobi, mwenye kofia ya ukili aliyoinunua asubuhi hiyo hiyo, alinionyesha yake akaongeza maneno: "Na hakuna mtu, Dada! Ni kama hapajawahi kukanyagwa."

Nikamwambia ni nzuri, nikamwekea chai. Lakini simu yake niliishika muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nilikuwa nikiikuza picha kwa vidole viwili na kupekua pembeni, nikitafuta kisiki cha nguzo, kigae cha chungu, mawe matatu yaliyokaribiana kuliko mawe yanavyokaribiana yenyewe. Mimi ufuo mtupu siuamini. Nikionyeshwa ufuo mtupu, swali langu la kwanza ni nani aliyeufagia, na nina sababu yangu.

Nilizaliwa kisiwani Ndau. Nilipokuwa na miaka tisa, dunia yangu ilikuwa na sehemu mbili tu, kijijini na dagoni. Watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa dago. Wengine nawaambia ni kambi ya wavuvi, mahali mnapohamia na sufuria na mikeka yenu msimu wa samaki, ukiisha mnarudi kwenu. Letu lilikuwa upande wa nje wa kisiwa, mwendo wa saa moja kwa miguu. Si mbali kwa mtu mwenye mikono mitupu, lakini jaribu kuvuka vile vilima vya mchanga kila siku na pakacha la samaki kichwani. Kwa hiyo tulikaa huko huko, samaki wakakaushwa huko huko. Mama alikuwa akiwapanga juu ya uchanja, harufu ya ng'onda na moshi wa kuni za mkoko ikituingia nywelani hata mafuta ya nazi yashindwe kuiondoa. Niliipenda harufu ile. Shuleni walinicheka kwa ajili yake na sikujali.

Msimu ukiisha tulibeba kila kitu: nguzo, makuti ambayo bado ni mazima, ndoo, paka. Kitu ambacho hakikubebwa wala kuguswa ni mafiga. Yalikuwa mawe matatu ambayo bibi yake Baba alipikia, meusi kwa masizi ya miaka na miaka. Hata ukiyakwaruza kwa kisu hukukuta weupe. Mpita njia akiyakuta aliruhusiwa kupikia, akateka maji katika kisima chetu kidogo, akalala akaenda zake. Hakuruhusiwa kuyasogeza. Mafiga yakikaa pahali, pahali pale pana wenyewe, hata wakiwa hawapo miezi minane. Kila mtu alilijua hilo kama anavyojua kibla kiko wapi. Karatasi hatukuwa nayo, na Baba alikuwa akisema karatasi ni ya watu wasioaminiana.

Na yeye aliaminika. Wavuvi wenzake walikuwa wakiapa kwa kila pweza, wallahi hivi na wallahi vile. Baba hakuapa. Akisema jambo ni hivi, mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Basi tukiwa kijijini, dagoni hamna mtu, akashuka kwenye boti ya abiria mwanamke wa bara mwenye mikoba miwili na stendi ya chuma ya miguu mitatu. Kamera yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba watoto wadogo walidhani ni darubini ya askari. Alikuwa mcheshi, akasalimia kila mtu, akapanga chumba kwa jirani yetu. Alipoulizwa shughuli yake akajibu bila kificho: anatembea pwani yote, kutoka kusini kuja kaskazini, akipiga picha za fuo.

Jibu hilo ndilo lililommaliza. Angesema anapiga harusi, au punda, au milango ya zamani, angeeleweka na pengine angekaribishwa wali. Lakini fuo? Mtu aache kazi na jamaa zake aje kupiga picha mchanga? Tayari ilikuwa inasemwa kwamba kuna pwani fulani alipita mtu na kamera, na haukupita mwaka wakaja wenye vigingi vya saruji, wenye pwani wakaambiwa wahame. Kila aliyesimulia alibadilisha jina la kisiwa, lakini vigingi havikubadilika. Siku ya pili watu walianza kufunga milango akipita, na jirani yetu akawa anaona haya kuwa na mgeni.

Alasiri hiyo nilikuwa uani nachambua mchele, Baba na Mama wakizungumza kana kwamba mimi ni ungo.

"Mtu hatoki kwao akaya mpaka huku kwa sababu ya mtanga," Baba alisema. "Kwani kwao mtanga haupo?"

"Huenda haupo," Mama akajibu. "Bara ni udongo."

"Basi na apige picha udongo! Yule hapigi mtanga. Yule asaka alama. Ataka kuyuwa hapa pana nini na ni pa nani, kisa apeleke kwa waliomtuma. Yeo yuko huku, kesho yuko upande wa nje."

"Na weye umeyuwa vipi?"

"Mimi nina mato," akasema, akijigusa chini ya jicho.

Nikaendelea kuchambua mchele, lakini kokoto sikuziona tena. Upande wa nje ndiko kwetu. Na nilivyokuwa nimeelewa mimi, mambo yalikuwa wazi kabisa: mwanamke yule anatafuta alama, akiona alama ataijua ni ya nani, akiijua ataipeleka, na wenye vigingi watakuja. Asipoona alama, hana cha kupeleka. Mbona watu wazima walikaa tu wakilalamika wakati dawa ilikuwa rahisi hivi? Nililala na furaha ya mtu aliyegundua kitu.

Kesho yake asubuhi nilimwambia Mama nakwenda kuokota kuni. Nilikimbia zaidi ya nusu ya njia. Nilichimba shimo hatua chache nyuma ya kisima, kwa kifuu na mikono, mpaka kucha zikauma. Mafiga yalikuwa mazito. Sikuweza kuyanyanyua, nikayabiringisha moja moja, nikilia kidogo kwa uzito na kidogo kwa hofu, maana nilijua hayaguswi. Niliyaomba radhi. Nakumbuka kabisa nikiyaambia mawe, kwa sauti, kwamba ni kwa muda tu. Nikayafukia. Majivu nikayatawanya, vigae na miiba ya samaki nikavitupa kichakani, mdomo wa kisima nikauziba kwa makuti na mchanga juu yake. Halafu nikachukua kuti bovu nikafagia ufuo wetu wote kama Mama anavyofagia ua siku ya Idi.

Nilipomaliza, hata mimi sikuweza kusema tulikuwa tukilala wapi. Nilijivuna, sikatai.

Mwanamke akatokea juu ya kilima jua likiwa limepanda, peke yake, stendi begani. Nilikuwa nimekaa mchangani kama mlinzi. Akaweka mikoba chini akashika kiuno.

"Wueh! Kumbe huku ndiko kuzuri hivi, na hakuna aliyeniambia." Akaniona. "Sasa wewe, umekuja peke yako? Unaitwa nani?"

Sikutaja jina. Nilikuwa nimeshaamua jina pia ni alama.

"Sawa, madam," akacheka. "Mimi Naomi. Kuna watu wanakaa hapa?"

"Hapana mtu."

"Hata wavuvi? Si kuna wavuvi huja huja?"

"Hapana mtu," nikasema tena. "Hapakuwa na mtu kamwe. Mai ya kunywa hayapo."

Akatoa daftari akaandika. Nilimwangalia kalamu ikienda, moyo ukinidunda kwa raha: anaandika nilichotaka aandike. Akanipa biskuti, nikaipokea kwa adabu na kuitia mfukoni. Baadaye niliwatupia kunguru, nikakaa nione kama watakufa. Akafunga kamera juu ya stendi, akachungulia, akaguna.

"Nyayo zako, mrembo. Zimepita katikati kabisa."

Kweli zilikuwepo, toka kisimani mpaka nilipokaa. Nikashtuka kuliko yeye. Nikaliendea lile kuti, nikaanza kurudi kinyumenyume nikizifuta moja baada ya nyingine mpaka nikatoka nje ya picha, nikasimama nyuma yake. "Aki wewe ni mtaalamu," akasema. Akapiga. Akapiga tena na tena. Kesho yake akapanda boti akaenda zake, na mimi nikahesabu kwamba nimewashinda yeye na waliomtuma.

Nilipanga kumwambia Baba nikiwa peke yangu naye, ili sifa iwe yangu yote. Sikuwahi. Kabla ya Ijumaa alikwenda kuangalia dago, akarudi uso umembadilika, akakaa barazani bila kuvua kofia.

"Mafiga hayapo," akasema. "Na kisima kimefukiwa."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Huenda ni wana wametezea."

"Wana wa hapa?" Baba akamtazama kama aliyetukanwa. "Hakuna mwana wa hapa wa kugusa mafiga ya watu. Ni yule wa picha. Kwanza ang'oa alama, kisa apiga picha, aseme nti, ardhi hii, haina wenyewe. Uwongo wa kuiba nti ni huo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Katika sentensi mbili nikaelewa kila kitu, na nikaelewa pia kwamba kwa maneno ya Baba mimi si mwana wa hapa. Nikarudi ndani bila kukiri. Kesho yake nikakimbia dagoni niyafukue, nichomeke uongo mwingine juu ya ule wa kwanza, niseme nimeyakuta kichakani. Lakini Baba alikuwa amekwisha fukua kisima na kumwaga mchanga kila upande, upepo nao ulikuwa umefanya kazi yake, na hatua zangu za mtoto hazikunipeleka tena palepale. Nilichimba mahali patatu, sikupata kitu. Baba akaokota mawe mengine, akayapanga mahali pa yale ya zamani. Mapya, meupe.

Misimu miwili ikapita, vigingi vikaja. Hapa sitaki kumwonea Baba: kuhusu vigingi hakukosea hata kidogo. Walikuja watu waliovaa viatu vya kufunga kamba, wakasema ufuo wa nje haukaliwi wala haulimwi na umekwisha kuombwa na mtu wa hoteli. Kikao kikafanyika darasani kwetu. Sisi watoto na akina mama tulijazana madirishani. Mmoja wa wale wenye viatu akafungua kalenda, moja ya zile za ukutani, akaionyesha huku na huku. Nikauona ufuo wetu, mzuri kuliko ulivyowahi kuwa, hauna nguzo, hauna meko, hauna unyayo. Chini yake kuna maneno, naye akayasoma kwa sauti: ufuo ambao hapajawahi kuwa na mtu.

Yalikuwa maneno yangu.

Baba akasimama. Akasema pana mafiga, pana kisima, bibi yake alizalia watoto wawili pale. Wakajibu kwamba wamekwenda, wameyaona mafiga. "Lakini mbona meupe, mzee? Mbona yanaonekana ni ya juzi?" Wale wageni wakacheka, na wachache wa kwetu, sitawasahau, wakainama. Nilimwona Baba akitafuta wa kumshuhudia, akazunguka na macho mpaka madirishani, yakanipita.

"Lete msahafu," akasema.

Waliomjua walijua kitu gani kinatokea. Akatoka akatawadha kwenye tangi la shule, maji yakimchirizika viwikoni, akarudi akauweka mkono. "Naapa kwa Mngu Mtukufu, mafiga yangu yaling'olewa na yule mwanamke wa picha, kwa mkono wake." Akaulizwa kama alimwona. Akarudia kiapo kile kile. Nilikuwa nimeshika chuma cha dirisha. Ningesema neno moja tu pale, angekuwa na shahidi na asingekuwa na kiapo. Niliogopa fimbo. Hebu fikirieni, fimbo ya dakika mbili.

Kiapo hakikumsaidia. Ufuo ukazungushiwa seng'enge, akawekwa mlinzi, na hoteli yenyewe mpaka leo ni nguzo sita za zege. Baba akawa anakwenda dago za watu, anapikia mafiga ya watu, anaondoka akishukuru kama mgeni. Hakuapa tena maishani. Lakini habari ya yule wa picha aliisimulia kila alipopata sikio, na mimi nilikuwa nikimimina chai huku akiisimulia. Mama alifariki akiiamini. Watoto wangu wamezaliwa nayo. Mkubwa alimwonyesha babu yake jinsi simu inavyoweza kufuta mtu au jiwe kwenye picha kwa kidole, mzee akafurahi kama aliyeshinda kesi. "Naliwaambia!" akasema.

Sasa Baba anakaa nami hapa Amu, mtaa wa Wiyoni, na mwaka huu amejaliwa kwenda hija. Kwetu mtu hafungi safari ile na haki za watu mgongoni. Kwa wiki tatu amezunguka na bakora yake Amu nzima, akavuka mpaka Ndau, akiwatafuta aliowahi kugombana nao, awaombe radhi uso kwa uso. Jirani aliyemtukania mbuzi. Mshipi aliouazima akaupoteza. Alirudi alasiri ile ile niliyotoka kuonyeshwa simu na kijana wa kofia, akakaa ukumbini, nikamwekea tende na kahawa.

"Umekwisha, Baba?"

"Alhamdulillahi. Sina mtu aliyesalia."

"Na yule wa picha?"

Akacheka. "Yule ndiye wa kuya kwangu mimi."

Sikupanga. Nilikaa chini kwenye mkeka, mbele ya miguu yake, nikaanza na mchele niliokuwa nachambua uani, nikamaliza na kuti nililofutia nyayo. Kahawa ilipoa mkononi mwake.

"Uliyafukia wapi?"

"Nyuma ya kisima. Hatua sita, au saba. Niliyatafuta sikuyaona."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu ya jambo jingine kabisa. "Naliapa," akasema. "Na msahafu mkononi. Juu ya mtu hayupo." Akaiweka kahawa sakafuni bila kuinywa. "Ina lake nani?"

"Naomi."

Alilirudia polepole. Miaka yote ile hakuwahi kulijua. "Yu hai?"

"Yu hai. Huweka picha zake mtandaoni. Nina nambari yake."

Hapo ndipo aliponitazama. "Tangu lini?"

"Miaka minne."

Nilipiga mimi, nikaweka sauti ya juu. Akapokea, kuku wakilia nyuma yake huko aliko. Baba akaishika simu kwa mikono miwili, akamtolea salamu ndefu, akajitaja kwa jina na jina la babake na la kijiji. "Bi, nimekusingizia mbele ya watu, na nimekuapia kwa Mngu kwa jambo hukulifanya. Nasafiri. Niwie radhi."

Naomi hakuelewa, akauliza alikosewa nini. Baba akamweleza yote, mafiga na kalenda na darasa.

"Mzee, mimi sikujua hata palikuwa na mawe," Naomi akasema. "Niliambiwa hapana mtu. Nimekusamehe, kabisa. Na wewe unisamehe kwa ile picha."

"Weye huna kosa," Baba akasema. "Mngu akuweke."

Akanirudishia simu bila kuniangalia. Akavaa kofia, akaitafuta bakora, akasimama kwa shida, nami nikamshika kiwiko kama siku zote. Nina miaka thelathini na kitu, nina watoto watatu, na nilikuwa nimemshika babangu kiwiko kama mtoto anayengoja fimbo.

"Na mimi, Baba? Utaniwia radhi?"

Akautoa mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Weye," akasema, "ngoja nirudi kutoka Makka."